Namba moja si ruhusa

Tangu nistaafu kazi ya kuongoza ndege, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Hivi rubani anakoseaje ranwei? Si lami ile yote, imewekwa taa huku na huku?" Ameniuliza fundi cherehani wangu, ameniuliza mzee wa kanisa, ameniuliza kijana anayeniletea mtungi wa gesi. Na kila anayeuliza ana jibu lake mfukoni tayari: rubani alikuwa mzembe, au Kiingereza kilimpiga chenga.

Mimi ni mkazi wa Usa River. Magharibi yangu kuna uwanja wa ndege wa Arusha, ule wa Kisongo. Mashariki kuna KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro. Kwa mstari wa angani ni kama kilomita 50 kutoka kimoja hadi kingine. Kila kimoja kina njia moja kuu ya kuruka na kutua, na njia hizo mbili zina jina moja: ukielekea mashariki ni 09, ukielekea magharibi ni 27. Namba hizo hazipangwi kwa kura. Ni uelekeo wa dira uliokatwa tarakimu ya mwisho, nyuzi 90 ikawa 09, nyuzi 270 ikawa 27, kwa hiyo majirani wanaopigwa na upepo mmoja si ajabu wakawa wajina. Tofauti yao ni urefu. KIA ina mita 3,600. Kisongo wakati wa kisa ninachotaka kukisimulia ilikuwa na mita 1,620.

Tarehe 18 Desemba 2013, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa inakuja KIA ilitua Kisongo. Wanaoijua Kisongo wanaelewa ukubwa wa jambo hilo: pale ni nyumbani kwa Caravan, ndege ndogo za injini moja zinazopeleka watalii Serengeti, na ndege tuliyozoea kuiita kubwa ni ile ya pangaboi mbili. Jitu la jeti lilikula lami yote, na magurudumu yakaishia kwenye majani. Hakuna aliyeumia, ashukuriwe Mungu. KIA siku hiyo kulikuwa na ndege ndogo imekwama kwenye njia, hivyo mpango wa kutua ulikuwa umeshavurugika kabla jitu lile halijafika.

Miaka saba na ushee baadaye, tarehe 4 Aprili 2021, ndege ya mizigo ya shirika hilohilo ilikuwa inakwenda Ndola, Zambia, ikatua kwenye uwanja mpya wa Copperbelt ambao ulikuwa bado unajengwa. Kwa maelezo ya serikali ya Zambia, rubani alikuwa anazungumza na waongoza ndege, nao wanamwambia hawamwoni, na yeye lami anaiona mbele yake.

Msianze kulicheka shirika lile. San Francisco, usiku wa tarehe 7 Julai 2017, njia moja kati ya mbili zinazokaa sambamba ilikuwa imefungwa na taa zake zimezimwa. Marubani wa Airbus ya Air Canada walitarajia kuona njia mbili. Wakaona mistari miwili ya taa, wakachukua ule wa kulia kama walivyoelekezwa, kumbe mstari wa kulia ni njia ya maungio, ile ya ndege kutembelea tu kwenda au kutoka ranwei, na kuna ndege nne zimejipanga juu yake, zimejaa watu, zinasubiri kuruka. Walipaa tena wakiwa kama futi 60 kutoka ardhini.

Jicho likishaambiwa kitu cha kutafuta, likapata kinachofanana nacho, linafunga mjadala. Sikio ni hivyohivyo. Mimi nimefanya kazi na masikio, kwa hiyo nitabaki huko.

Kazi yetu watu huidhania ni ya kusema. Wanatuona kwenye picha tumevaa vile vya masikioni, midomo wazi, wanadhani tunatoa amri siku nzima. Kusema ndiyo sehemu rahisi. Unamwambia rubani asubiri kabla ya njia. Yeye anarudia maneno yako na kutaja jina la ndege yake. Na hapo ndipo kazi inapoanza, maana unatakiwa kusikia alichosema yeye, na wewe kichwani bado unacho ulichosema mwenyewe.

Chukulia saa nne asubuhi, Julai au Agosti, wageni wamejaa. Caravan zimepanga foleni kwenda Seronera na Kogatende, huko Serengeti. Mbele yako kuna ubao wa stripi: kila ndege ina kipande chake cha karatasi ndani ya kishikio cha plastiki, umekiandika kwa mkono saa, kimo na uelekeo. Zote zimesajiliwa Tanzania, zinaanza na 5H, kwa hiyo hewani zinabaki herufi tatu za mwisho, na kuna siku ndege mbili zinafuatana ambazo herufi mbili kati ya hizo tatu zinafanana. Simu ya mezani inalia. Jamaa wa zimamoto anaomba kuvuka njia akafukuze mbuzi. Rubani anarudia maelekezo kwa haraka, na neno la mwisho linakatika kwa sababu mwenzake naye amebonyeza kitufe. Ulichosikia ni "... njia". Amesema atasubiri kabla ya njia, au anaingia njia? Ulimwambia asubiri, basi sikio linakumalizia lenyewe, kwa ukarimu mkubwa: amesema atasubiri.

Mwalimu wetu mmoja chuoni Dar es Salaam alikuwa adui wa ukarimu huo. Ukipitisha jibu lililokatika alikuwa anasimamisha zoezi zima, anakuuliza mbele ya wenzako: "Umelisikia au umelijua?" Huyohuyo ndiye aliyetufundisha kutumia kishikio chekundu. Gari likiingia kwenye njia, au mtu, au mbuzi, unakilaza kishikio chekundu juu ya nafasi ya ranwei pale kwenye ubao, na hakiondoki mpaka mwenyewe aseme ametoka na umemwona kwa macho yako. Ni kipande cha plastiki tu. Mkono ukitaka kuchukua stripi ya ndege inayotua unakigusa, na ule mguso unakukumbusha kitu ambacho kichwa kimeshakisahau. Siku hizi viwanja vikubwa vina skrini za kufanya kazi hiyo. Habari ya skrini nitaifikia.

Mfano wa sikio kujimalizia hauko mbali. Tarehe 3 Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways ilikuwa inashuka kwenda kutua Nairobi. Iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500, na zilitajwa tarakimu moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri. Kwenye ndege wakasikia tano, sifuri, sifuri, sifuri. Sasa uwanja wa Nairobi uko futi 5,300 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Yaani ndege ile, pamoja na abiria wake wote, ilipangiwa kwenda kwenye kimo kilicho chini ya ardhi ya Embakasi. Ilifika kama futi 70 juu ya ardhi ndipo ikapandishwa.

Nilipokisoma kisa hicho nikiwa mwanafunzi, kusikia vibaya hakukunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba namba yenyewe haikumgutusha mtu. Lakini fikiria: 5,000 ni namba nzuri, ya mviringo, rubani ameisikia mara elfu akishuka kwenye viwanja vilivyo karibu na bahari. Ilikuja imevaa nguo za kawaida. Siku hizi kimo kama hicho kinatajwa kwa maneno kamili, elfu saba na mia tano, ili tarakimu ikidondoka njiani pengo lisikike.

Sasa tuje kwenye ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya ndege za abiria, ambayo ilitokea palepale juu ya ranwei.

Jumapili tarehe 27 Machi 1977, bomu lililipuka kwenye uwanja wa Gran Canaria, visiwa vya Kanari. Ndege zilizokuwa zinakwenda huko zikaelekezwa Los Rodeos, kisiwa cha jirani cha Tenerife: uwanja mdogo, uko mlimani, una njia moja, na rada ya kuonyesha ndege zilizo chini haukuwa nayo. Ndege zikajaa hadi nyingine zikaegeshwa kwenye njia ya maungio. Kwa hiyo muda wa kuondoka ulipofika, anayetaka kuruka ilimbidi atembee juu ya ranwei yenyewe mpaka mwisho, ageuze, ndipo aruke. Boeing 747 ya KLM ilitangulia. Boeing 747 ya Pan Am ikafuata nyuma yake, juu ya njia ileile, ikiwa imeambiwa itoke kwenye mchepuko wa tatu kushoto. Na wingu likashuka. Mnara hauzioni ndege, ndege hazionani, wote wanategemea redio.

Ule mchepuko wa tatu ulidai ndege kubwa vile ikate kona kali ya kurudi ilikotoka. Marubani wa Pan Am waliuliza tena wahakikishe, wakaambiwa ndiyo, wa tatu. Wakaendelea taratibu kuelekea wa nne, ambao kona yake ilikuwa ya kawaida. Wengine huwalaumu kwa hilo. Mimi siwalaumu; ukungu ule, hakuna kibao kinachosomeka, unahesabu michepuko kwa kubahatisha.

Upande wa pili, KLM imeshageuka. Kapteni Jacob Veldhuyzen van Zanten alikuwa mkuu wa mafunzo ya 747 kwenye shirika lake, picha yake ilikuwa kwenye matangazo yao. Alikuwa amefundisha wengine kwa muda mrefu kwenye mashine za mazoezi, ambako mwalimu ndiye pia anayejipa ruhusa ya kuruka. Akasukuma injini. Rubani msaidizi, Klaas Meurs, akamzuia: ruhusa bado. Kapteni akamjibu kwamba anajua, aombe.

Hapa kuna jambo ambalo abiria wengi hawalijui. Ruhusa ni mbili. Ya kwanza ni ya safari: ukiwa angani utakwenda wapi, kwa kimo gani, utageukia upande upi. Ya pili ni ya kuruka, yaani sasa hivi njia ni yako. Meurs aliziunganisha kwenye sentensi moja, akasema wako tayari kuruka na wanasubiri ruhusa ya safari. Mnara ukampa ya safari peke yake. Lakini ndani yake mlikuwa na lile neno la Kiingereza, "takeoff", kwa sababu aliambiwa akisharuka ageukie kulia. Kapteni aliyekuwa anasubiri neno moja tu, neno hilo amelisikia. Akaachia breki akisema kwa Kiholanzi kwamba wanakwenda, wakati Meurs bado anarudia maelekezo hewani. Meurs akamalizia: "We are now at takeoff."

Irudie sentensi hiyo uwe mwongoza ndege. Mimi nimeirudia mara nyingi. Tupo hapa pa kurukia? Au tumeshaanza kuruka? Aliye mnarani alikuwa anatarajia ndege iliyosimama, akasikia ndege iliyosimama. Akajibu "OK." Akanyamaza kidogo, halafu akaongeza kwamba wasubiri, atawaita. Wakati huohuo marubani wa Pan Am, ambao sentensi ile iliwatia wasiwasi, wakabonyeza kitufe kusema bado wako juu ya ranwei. Redio zile mbili zikibonyezwa pamoja kwenye masafa mamoja hazitoi maneno mawili, zinatoa mluzi. Ndani ya KLM walisikia "OK", kisha mluzi. Sentensi mbili, kila moja peke yake ingewazuia, na zikauana zenyewe kwa zenyewe.

Muda mfupi baadaye mnara ukawaambia Pan Am watoe taarifa wakishatoka, nao wakajibu watafanya hivyo. Hilo lilisikika. Mhandisi wa KLM, Willem Schreuder, akauliza: kwani yule hajatoka? Kapteni akajibu kwa mkazo kwamba ametoka. Basi. Walikufa watu 583. Wote 248 wa KLM, na 335 wa Pan Am. Kwa Pan Am walinusurika 61.

Kila ukisoma habari hii utakuta lawama yote kwa kapteni, na stahili yake anayo. Mimi nikifika kwenye "OK" ile ndipo ninaposimama. Hewani "OK" haina maana yoyote. Nimekusikia? Nimekubali? Nakuja? Ni neno la kujaza nafasi kabla ya neno lenyewe, na siku ile neno lenyewe likamezwa, likabaki la kujazia. Nimewahi kukaa na vijana hodari wa kazi ambao kila sentensi yao hewani inaanza na "OK", na ukiwaambia wanaona unawatafuta ubaya.

Baada ya Tenerife neno "takeoff" likawekwa chini ya ulinzi. Linatamkwa unapotoa ruhusa ya kuruka au unapoifuta. Kwingine kote tunasema "departure", na ruhusa ya safari haitakiwi kunusa harufu ya lile lingine.

Na kuhusu Schreuder, nadhani sisi wa huku tunamwelewa kuliko wanavyomwelewa Waholanzi wenyewe. Aliuliza. Hakusema "simama", aliuliza, na mkubwa akajibu, yakaisha. Mtu aliyekulia kwenye shikamoo anajua uzito wa kumwuliza mkubwa mara ya pili. Ningemsikia kijana wetu akisema, "Samahani kapteni, hivi yule bwana ameshatoka kweli?" Samahani, na hivi, na kweli, maneno matatu ya kulainisha kitu ambacho kingetakiwa kuwa kelele. Kuanzia miaka ya 1980 mashirika yakaanza kuwafundisha marubani namna ya kumpinga kapteni na namna ya kapteni kukubali kupingwa. Wenzangu wa mnarani tulipata mafunzo ya namna hiyo tukiwa tumeshazeeka kazini, na wapo walioona ni utovu wa nidhamu ulioletewa cheti.

Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024. Siku iliyotangulia tetemeko lilikuwa limeipiga rasi ya Noto, na ndege ya walinzi wa pwani wa Japani, Dash 8 yenye watu sita, ilikuwa inapeleka misaada. Mwongoza ndege akaiambia: habari za jioni, namba moja, tembea hadi mahali pa kusubiri C5. Rubani akarudia: mahali pa kusubiri C5, namba moja, asante. Hakuna aliyekosea neno. Yapeleke mazungumzo hayo chuoni, hata yule mwalimu wangu hana pa kukamata.

Ndege ile ikapita C5, ikaingia njia ya 34R, ikakaa hapo kama sekunde 40. Airbus A350 ya Japan Airlines yenye watu 379 ikatua juu yake. Kwenye A350 walitoka wote, kupitia milango mitatu kati ya minane, spika za ndani zikiwa zimekufa na wahudumu wakiwaelekeza kwa sauti zao na vipaza sauti vya mkononi. Kwenye Dash 8 walikufa watano. Kapteni wake alinusurika, na alisema aliamini ameruhusiwa kuingia.

Namba moja ni nafasi yako kwenye foleni ya kuruka, haikupi ranwei. Kila mwongoza ndege anajua hivyo na kila rubani anajua hivyo, ukiwauliza wakiwa wamekaa. Sasa mweke mtu kwenye usukani, amebeba mizigo ya waliofukiwa na kifusi, ana haraka ya halali kabisa, halafu mwambie wewe ndiye namba moja.

Serikali ya Japani baada ya ajali ilisitisha kutaja namba za foleni. Sina hakika kama ningefanya hivyo. Rubani akijua ni wa ngapi anajipanga, anajua aharakishe ukaguzi wake au apumue. Hatua nyingine naiunga mkono kwa mikono miwili: waliweka mtu wa kuangalia skrini muda wote. Kwa sababu Haneda skrini ilikuwepo, na mfumo wake wa tahadhari uliwaka ndege ile ilipoingia kwenye njia, na hakuna aliyeuona. Taa nyekundu za kuzuia ndege pale C5 zilikuwa kwenye matengenezo. Ndiyo maana nawaambia wanaodhani mashine itamaliza kazi hii: skrini inataka jicho, na jicho la mwongoza ndege jioni ya sikukuu liko kwenye ndege tano nyingine. Kile kishikio changu chekundu walau kilikuwa kinazuia mkono.

Mtoto wa dada yangu anasomea urubani, na kila tukikutana ana hoja moja ya kunichokoza. "Mama mdogo, mnarani kuna Mtanzania, kwenye ndege kuna Mtanzania. Kwa nini tusiongee Kiswahili tukaelewana, badala ya kukariri Kiingereza cha watu?" Nami sikatai kwamba ana kitu. Mtu akibanwa, lugha ya kujifunza ndiyo inayokimbia kwanza. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca ya Colombia ilizungushwa angani karibu na New York mpaka mafuta yakaisha. Marubani walisema mafuta yanakwisha, waliomba kipaumbele, lakini neno la dharura, lile ambalo kwa mwongoza ndege wa pale lingesafisha anga lote, hawakulitamka. Walikufa 73. Ajali za namna hiyo zilichangia ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kuja na mitihani ya Kiingereza: daraja la nne ndilo la chini la kukuruhusu kufanya kazi, na ukiwa kwenye daraja hilo unarudia kila miaka mitatu.

Nilimjibu kwa kisa cha Paris. Usiku wa kuamkia alfajiri ya tarehe 25 Mei 2000, uwanja wa Charles de Gaulle, ndege ya Air Liberté iliruhusiwa kuruka kwa Kifaransa. Kanuni zinakubali lugha ya nchi, na rubani alikuwa Mfaransa, hakuna kosa hapo. Kisha ndege ndogo ya mizigo ya Waingereza, Shorts 330, ikaambiwa kwa Kiingereza iingie kwenye njia isubiri, ni namba mbili. Mnarani walidhani iko mwisho wa ranwei, nyuma ya ile ya kwanza. Kumbe ilikuwa inaingilia kwenye mchepuko wa katikati. Waingereza walisikia namba mbili, hawakujua namba moja ni nani, kwa sababu namba moja alizungumziwa kwa lugha wasiyoielewa. Wakaingia. Bawa la ndege iliyokuwa kasini kuruka likakata chumba cha marubani, na rubani msaidizi akafa. Wachunguzi wa Ufaransa walipendekeza matumizi ya Kiingereza pekee uwanjani hapo yafanyiwe kazi.

Mtoto akanyamaza kidogo, halafu akaja na yake. Sawa, Paris ni kubwa. Lakini kwenye kiwanja cha changarawe huko porini, ni yeye na mwenzake tu hewani, wote wa Moshi, je?

Nilimwambia kwamba akipotea kwenye vumbi na mafuta yanashuka, aseme kwa lugha yoyote inayotoka, hata Kichaga, na atapata wa kumsaidia. Siku nyingine zote Kiingereza. Akasisitiza: lakini wako wawili tu. Nikamuuliza amejuaje.